Msiba bila kaburi



Tangu mafuriko ya Kalehe, tarehe 4 Mei 2023, tumejua kilio cha namna nyingine. Siku ile ilikuwa Alhamisi, siku ya soko la Nyamukubi. Maji yalishuka toka milimani pamoja na mawe na matope, yakapiga Nyamukubi na Bushushu. Watu zaidi ya 400 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena.

Jamaa moja ilihamia katika kartiye yetu, hapa Bukavu: nyanya na wajukuu watatu. Mama yao alikuwa sokoni siku ile. Mtoto mdogo, wa miaka 6, alipouliza, sisi wote, walimu na majirani, tulimjibu: “Mama amesafiri, atarudi.” Tulidhani tunamlinda. Lakini kila jioni alishuka kando ya ziwa kungojea boti. Darasani hakuandika kitu. Usiku alikojoa kitandani. Tulimwita mvivu.

Kisha akaja mama mmoja, msaidizi wa kijamii wa kituo cha afya. Hakuleta dawa wala unga. Aliketi na nyanya kwenye mkeka, akasikiliza, akarudi tena na tena. Siku moja akatuambia: “Mtoto huyu hangojei mama tu. Anajiuliza pia alikosa nini hata mama asirudi.” Tulinyamaza kwa haya.

Alimsaidia nyanya kusema kweli kwa maneno mafupi: mama alichukuliwa na maji, amekufa, si kosa lako, tuko nawe. Mtoto alilia siku mbili. Hakuwa amelia mbele yake.

Kaburi halikuwepo. Basi tulitandika kikwembe chake, kile nyanya alichokimbia nacho, tukakaa matanga, tukaomba. MUSO yetu ilifungua sanduku jekundu, lile la misaada, tukanunua chakula cha kilio.

Mtoto bado anashuka ziwani siku moja moja. Anasema anaenda kumsalimu mama. Hatumzuii. Darasani ameanza kuandika.

Wamama, tunapowapokea waliohama, tusimfiche mtoto kifo. Tusimhesabie mwenzetu siku za kilio. Na yule asiyelala wala kula, tumsindikize mapema kwenye kituo cha afya. Sisi tulichelewa, ninyi msichelewe.