Mwalimu anataka kombe, mtoto anataka kazi

Niko Liuli. Kwa wasiopajua, ni huku mwambao wa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma. Zamani tulihesabiwa Mbinga, sasa tuko wilaya ya Nyasa. Nimekuja likizo fupi kula ugali wa muhogo na mbasa, nikakuta swali linanisubiri.

Mama mdogo ana kijana wake wa kidato cha tatu, winga wa kulia, mbio zake balaa. Kuna bwana mmoja alimwona kwenye UMISSETA ngazi ya wilaya, sasa anataka kumchukua aende Dar es Salaam kwenye "kituo cha vipaji". Shule ataacha. Mama mdogo akaniambia, "Mwanangu, wewe ndiye unayeandika magazetini. Tuambie, aende asiende?"

Kabla ya kujibu nilikwenda kumwangalia dogo akicheza. Timu yao ina mbinu moja tu: beki anapiga mpira mrefu pembeni, dogo anakimbia, anapiga krosi. Basi. Wanashinda kwa njia hiyo, na mwalimu wa michezo ana haki ya kufurahi. Lakini mpira ukimfikia dogo akiwa amesimama na beki yuko mbele yake, anaupoteza. Mguu wa kushoto ni wa kutembelea tu. Kurudi kukaba hajawahi kuambiwa. Kwa nini aambiwe, wakati kombe linakuja bila hayo?

Msidhani haya ni ya Liuli peke yake. Marekani, nchi ambayo vyuo vikuu ndivyo vituo vya vipaji, wanaugua ugonjwa huo huo. Kwenye ule mpira wao wa kubeba mkononi kuna mchezaji anaitwa mpokeaji. Kazi yake ni kukimbia njia fulani, kumpotea beki na kudaka mpira anaorushiwa. Njia ni nyingi: kukata ndani, kukata nje, kusimama ghafla na kugeuka, kwenda moja kwa moja. Ligi ya kulipwa, NFL, inataka uzijue zote. Vyuo vingine vinafundisha chache tu, zile zinazotosha kushinda Jumamosi.

Mfano ni Corey Coleman wa chuo cha Baylor, Texas. Mwaka 2015 alifunga mara 20 na kupewa tuzo ya Biletnikoff, ya mpokeaji bora wa vyuo. Mwaka 2016 Cleveland Browns wakamchagua akiwa wa 15 katika raundi ya kwanza. Misimu miwili Cleveland akafunga mara 5 tu, kisha Agosti 2018 wakamuuza. Ni kweli alivunjika mkono misimu yote miwili, tusimwonee. Lakini hata kabla hajachaguliwa, swali lilikuwa lile lile: huyu tumeona mbio zake, njia nyingine atazijua lini?

Sisi Watanzania tuna wa kwetu, Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam. Urefu wake ni futi 7 na inchi 3, na mpira wa kikapu aliuanza akiwa tayari kijana wa miaka kumi na tano hivi. Chuo Kikuu cha Connecticut, chini ya kocha Jim Calhoun, kilimpa kazi moja kubwa: simama chini ya goli, zuia. Aliifanya kweli kweli. Msimu wa 2008-09 alizuia mitupo zaidi ya 4 kila mchezo, na chuo kikafika nne bora za taifa. Juni 2009 akachaguliwa wa 2 NBA na Memphis Grizzlies, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Mtanzania wa kwanza! Lakini kule wakubwa wenzake walikuwa na nguvu, na walijua kumtoa nje ya eneo lake. Februari 2010 akateremshwa ligi ya chini. Alimaliza NBA na michezo 224, wastani wa pointi 2.2.

Mimi simlaumu Hasheem. Chuo kilimtumia kwa alichonacho tayari, na muda wa kujifunza mengine ulikuwa mfupi.

Sasa mtazameni Mbwana Samatta. Mbagala, kisha Simba, mwaka 2011 akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi. Akakaa kule miaka karibu mitano, akatwaa Ligi ya Mabingwa Afrika 2015, ndipo Januari 2016 akaenda Genk, Ubelgiji, akiwa na miaka 23. Aston Villa ikaja Januari 2020. Watu wanakumbuka Villa, wanasahau ile miaka ya Lubumbashi. Kila ngazi alikaa mpaka akaiva.

Basi nikampigia yule bwana. Nikamuuliza: dogo atafundishwa nafasi gani? Na nani? Atasoma wapi? Akiumia goti nani atamtibu? La kwanza alijibu vizuri. La pili akaanza kunisimulia habari za Samatta. La tatu na la nne aliniambia, "Hayo tutayaona mbele ya safari."

Nikamwambia mama mdogo asimwachie, amalize kidato cha nne kwanza. Kisha nikaenda kwa mwalimu, nikamwomba kwa heshima: kwenye mazoezi, siyo kwenye mechi, amcheze dogo katikati, apokee mpira akiwa na mtu mgongoni. Amekubali.

Dogo ameninunia, leo siku ya tatu. Ananiambia, "Kaka, huku Liuli nani mwingine atakuja kuniona?" Sina jibu zuri la hilo, na linaniuma, maana ni kweli wanaokuja huku kutafuta vipaji wanahesabika. Lakini najua hili: anayekuja kukununulia mbio tu, siku mbio zikipungua hatakuwa na haja na wewe.

Wazazi na walimu mlioko mbali na mjini, mtu akija kumchukua mtoto msimuulize anampeleka wapi tu. Muulizeni atamfundisha nini ambacho bado hakijui.

Alamsiki.