Miji ya Uingereza Iliyojificha Ndani ya Nahau

MTU anaweza kujifunza Kiingereza miaka kumi, akazijua nyakati zote za vitenzi, na bado akakwama siku atakapoelezwa kwamba mfanyakazi fulani "amepewa gunia". Kila neno analifahamu, lakini hakuna gunia lililotolewa wala lililopokewa. Mtu huyo amefukuzwa kazi. Sisi tungesema amemwaga unga. Naye Mwingereza aliyejifunza Kiswahili kwa kamusi angeinama kuutafuta unga huo sakafuni asiuone.

Semi za namna hii ndizo tuziitazo nahau. Zimo katika kila lugha, na tabia yake ni moja: ukiyajumlisha maneno yake hupati maana yake. Kiingereza kina nahau nyingi mno, na baadhi yake zimebeba majina ya miji na mitaa ambayo msafiri anaweza kupanda treni akaifikia. Katika makala haya tunamkaribisha msomaji katika safari fupi ya mahali hapo, ili ajionee jinsi vita, misiba na jasho la watu wa kawaida vinavyoweza kuhifadhiwa ndani ya maneno mawili matatu.

JICHO LA NELSON

Safari na ianzie London, katika uwanja wa Trafalgar. Hapo imesimama nguzo ya mawe yenye urefu wa mita 50 hivi, na juu yake ipo sanamu ya Horatio Nelson, jemadari wa majeshi ya majini. Mwaka 1794, katika vita vya kisiwa cha Corsica, Nelson alipoteza nuru ya jicho lake la kulia. Mwaka 1801 alikuwa akipigana mbele ya mji wa Copenhagen pale mkuu wake alipotweka bendera za kumruhusu arudi nyuma. Inasimuliwa kwamba Nelson aliiweka darubini kwenye jicho lile bovu, akasema haoni ishara yoyote, kisha akaendelea kupigana hadi akashinda.

Tangu hapo kisa hicho kimefungamanishwa na usemi wa "kugeuza jicho pofu", yaani kujifanya huoni jambo unalolijua vema. Kwetu husemwa kufumbia macho. Tofauti ni ndogo lakini yafaa kuangaliwa. Jicho la Mwingereza lina kisingizio cha kuwa bovu. Macho ya Mswahili ni mazima yote mawili, naye huyafumba kwa hiari yake. Msimamizi wa ghala anayefumbia macho wizi hana ulemavu wa kujitetea nao.

KELELE ZA BEDLAM

Kutoka hapo basi humfikisha msafiri kwenye stesheni ya Liverpool Street, ambako umati wa wafanyakazi hupita kila asubuhi wakiwahi kazini. Ni wachache wanaokumbuka kwamba katika eneo hilo, mwaka 1247, iliwekwa nyumba ya watawa iliyopewa jina la Bethlehemu. Baadaye nyumba hiyo ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili, na ndimi za watu wa London zikalifupisha jina lake likawa "Bedlam".

Mwaka 1676 hospitali ilihamishiwa Moorfields, hapo jirani. Ikawa ni desturi kwa watu wa mjini kwenda kuwatazama wagonjwa, kama watu waendavyo kutazama wanyama. Mwaka 1770 ndipo watazamaji wa ovyo walipozuiwa. Leo Mwingereza akikuta watoto wanarukaruka na kupiga kelele, atasema nyumba imekuwa Bedlam, naye atacheka bila kufikiri kwamba anawacheka wagonjwa.

Hospitali hiyo ingalipo, kusini mwa London, ilikohamia mwaka 1930. Kabla ya hapo ilikuwa St George's Fields, na sehemu ya jengo lake la huko ndiyo leo Makumbusho ya Vita ya Kifalme. Mwaka 2015, wajenzi wa reli mpya walipochimba karibu na Liverpool Street, yalifukuliwa mabaki ya watu zaidi ya 3,000 katika makaburi yaliyoitwa kwa jina hilo la Bedlam.

Hata hivyo tusiharakishe kuwanyooshea wenzetu kidole. Ni mara ngapi mitaani kwetu jina la Mirembe, hospitali ya Dodoma, limetamkwa kwa dhihaka, na hali mgonjwa aliyelazwa huko ni mtoto wa mtu na ndugu wa mtu? Neno likishageuka mzaha, maumivu yaliyolizaa husahauliwa upesi.

FARASI WA HOBSON

Treni ya kutoka stesheni ya King's Cross hufika Cambridge, mji wa chuo kikuu, katika muda wa saa moja hivi. Hapo aliishi Thomas Hobson, mchukuzi wa mizigo na barua baina ya Cambridge na London, aliyefariki mwaka 1631. Farasi wake walipokuwa hawapo safarini, Hobson aliwakodisha kwa wanafunzi. Vijana wale walipenda farasi wenye mbio, wakawachosha mno hao hao kila siku. Hobson akaweka sheria: atolewe farasi aliye karibu na mlango, na ambaye hakumtaka huyo aende kwa miguu. Kwa njia hiyo kila farasi alipata zamu ya kazi na zamu ya kupumzika.

Ndiyo maana Waingereza husema "hiari ya Hobson" wakiwa na maana kwamba hapana hiari kabisa. Wahenga wetu walilisema kwa ukali zaidi: aliyekosa la mama, hata la mbwa huamwa. Mzee huyo ameacha pia kumbukumbu nyingine. Ni miongoni mwa waliosaidia kuleta maji safi mjini, na mfereji uliochimbwa miaka ile ya mwanzo wa karne ya 17 unaitwa kwa jina lake hata leo.

ALIYEPELEKWA COVENTRY

Kutoka stesheni ya Euston, kwa mwendo wa saa moja hivi, msafiri hufika Coventry. Ajabu ya mji huu ni kwamba watu wengi "wamepelekwa" huko bila kuondoka makwao. Kumpeleka mtu Coventry ni kukataa kusema naye. Mtu huyo yupo karakanani pale pale na mashine yake ni ile ile, lakini wenzake hawaitikii salamu yake, hawamwombi kibiriti, wala hawakai naye meza moja wakati wa chai.

Asili ya usemi huu huelezwa kwa njia mbalimbali. Maelezo yanayojulikana zaidi ni ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya karne ya 17. Mwaka 1642 Coventry ilimfungia milango Mfalme Charles wa Kwanza, ikawa ngome ya wafuasi wa Bunge. Askari wa mfalme waliotekwa walipelekwa huko, na wenyeji, husemwa, hawakutaka hata kuwasalimu. Mfalme aliyefuata hakusahau: mwaka 1662 kuta za mji huo zilibomolewa kwa amri yake.

Katika viwanda vya Uingereza adhabu hii iliwaangukia hasa wale walioingia kazini huku wenzao wamegoma. Ilikuwa silaha ya wanyonge, maana mtu asiye na mahakama wala polisi hubakiwa na ulimi wake, na ulimi unaweza kuadhibu kwa kunyamaza. Lakini silaha hiyo ilikuwa na makali pande mbili, kwani iliweza kumkata pia mtu mkweli aliyesema peke yake lile ambalo kundi halikutaka kulisikia. Wale waliokulia vijijini wanalielewa jambo hili bila kufafanuliwa. Mtu aliyetengwa na kijiji haazimwi moto wala haombwi chumvi, na siku ya msiba wake ndipo ajuapo uzito wa adhabu hiyo.

Historia ikaipa Coventry maana nyingine. Usiku wa tarehe 14 Novemba, 1940, ndege za Ujerumani ziliupiga mji huo kwa mabomu. Zaidi ya watu 500 waliuawa, na kanisa kuu la kale likabaki kuta tupu. Magofu yale hayakuondolewa. Kanisa jipya lilijengwa ubavuni mwake na kuwekwa wakfu mwaka 1962. Mwaka 1944 Coventry ilifunga udugu na Stalingrad, na mwaka 1959 na Dresden, mji wa Ujerumani uliokuwa nao umeteketezwa kwa mabomu. Basi mji ambao jina lake lina maana ya kutosemezana ndio uliotangulia kusema na adui wa jana.

MAKAA YA NEWCASTLE

Kituo chetu cha mwisho ni Newcastle, kaskazini, zaidi ya kilomita 400 kutoka London, kando ya mto Tyne. Waingereza wakitaka kusema kwamba mtu anajisumbua bure kupeleka kitu mahali ambapo tayari kimejaa, husema "anapeleka makaa Newcastle". Kwetu ingekuwa kama mfanyabiashara wa Dar es Salaam apakie karafuu jahazini akaziuze Pemba.

Hapa hakuna fumbo kubwa. Kwa karne nyingi makaa ya mawe ya migodi ya eneo hilo yalipakiwa katika mto Tyne na kupelekwa London kwa bahari, yakapasha moto nyumba na kuendesha viwanda. Biashara hiyo ililindwa kwa hati ya Malkia Elizabeth wa Kwanza ya mwaka 1600, iliyowapa wafanyabiashara wachache wa Newcastle mamlaka juu yake. Faida ilikuwa yao; vumbi, giza na hatari ya kufukiwa chini ya ardhi vilikuwa vya wachimbaji.

Migodi ilitaifishwa mwaka 1947. Kuanzia Machi 1984 hadi Machi 1985 wachimbaji waligoma kupinga kufungwa kwa migodi, wakashindwa, na migodi ikazidi kufungwa. Mgodi mkubwa wa mwisho wa chini ya ardhi katika eneo hilo, ule wa Ellington, ulifungwa mwaka 2005. Katika miaka hiyo hiyo bandari ya Tyne ilikuwa ikipokea meli za makaa kutoka nchi za nje. Lile lililokuwa mfano wa upuuzi likawa biashara ya kawaida: makaa yalipelekwa Newcastle kweli. Mwaka 2024 kituo cha mwisho cha Uingereza cha kufua umeme kwa makaa ya mawe kilizimwa. Kazi imekwisha na wachimbaji wametawanyika, lakini usemi ungali hai midomoni mwa watoto wasiowahi kuliona hata bonge moja la makaa.

MZIGO WA KURUDI NAO

Msafiri arudipo nyumbani anarudi na mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba nahau haitafsiriwi neno kwa neno. Mwingereza akimwandikia mwombaji wa kazi kwamba "anaogopa" hakuna nafasi, haogopi kitu. Anasikitika tu kwa adabu, na mlango umefungwa. Anayeielewa barua hiyo ataomba kwingine mapema. Asiyeielewa ataendelea kungoja.

La pili linatuhusu zaidi. Siku hizi husikika watu wakisema "mwisho wa siku" hata kama ni saa mbili asubuhi, kwa kuwa Kiingereza husema hivyo. Je, "hatimaye" na "mwishowe" yametukosea nini? Lugha yetu haina njaa ya semi. Mlevi amevaa miwani, bahili ni mkono wa birika, mzee amekula chumvi nyingi, na aliyeponea chupuchupu amechungulia kaburi. Kila usemi wa aina hiyo una nyumba yake, bahari yake na jiko lake, kama vile "makaa Newcastle" yalivyo na mto wake.

Jioni ya leo, wazazi, waulizeni watoto wenu maana ya kumwaga unga au kuchungulia kaburi. Wakishindwa kujibu, msiwacheke. Waelezeni, kisha waambieni pia ni nani aliyewaeleza ninyi.