Tumwulize Mgonjwa Alichokiacha



Shangazi yetu anakaa Majengo, Pumwani, jijini Nairobi, mtaa wa kale wa Waislamu ulioanza katika miaka ya 1920. Kwa zaidi ya miaka 30 alikaanga mahamri alfajiri kwa jiko la makaa, katika chumba chenye dirisha moja. Sigara hakuvuta hata siku moja. Mwaka jana tulipomzuru tulisikia kwamba haendi tena darsa ya akina mama. Nasi, kwa kujiona wajuzi, tukamkumbusha fadhila za vikao vya elimu kwa maneno yasiyokosa ukali. Akanyamaza. Tukakidhania kimya chake kuwa ni kukiri uvivu.

Kikohozi kilipozidi tulimpeleka kwa daktari. Kila alipoulizwa hali, jibu lilikuwa moja: "Sijambo, alhamdulillahi." Kushukuru ni ibada, lakini daktari hakupata la kuandika. Akamtaka apulize kwa nguvu katika mashine ya kupima pumzi, kisha akatueleza kwamba huu ni ugonjwa sugu wa mapafu. Huletwa na tumbaku, na pia moshi wa kuni na makaa uliovutwa miaka mingi. Mapafu yaliyoharibika hayarudi kama zamani, bali dawa na mazoezi humpunguzia mgonjwa dhiki.

Alituambia pia kwamba mashine haisemi mtu anaishi vipi. Kwa hiyo hutumia kipimo kingine, cha maswali, ambacho asili yake ni uchunguzi wa wachimbaji wa makaa ya mawe huko Wales katika karne iliyopita. Kina ngazi tano. Ngazi ya 0 ni ya anayehema kwa kazi nzito tu. Ya 1, anayehema akiharakisha au akipanda kilima kidogo. Ya 2, anayeachwa nyuma na watu wa rika lake. Ya 3, anayesimama kuvuta pumzi baada ya kama mita 100. Na ya 4, asiyeweza kutoka nyumbani, au anayehema hata akivaa nguo.

Shangazi alisema hahemi.

"Gikomba sokoni unakwenda, mama?"

"La, huenda mjukuu."

"Na maji?"

"Naletewa."

"Buibui unavaa mwenyewe?"

Akatazama chini. "Navaa nimeketi kitandani, kisha napumzika. Ndiyo maana niliacha darsa, mwanangu. Nikifika pumzi imekwisha, nami naona haya kukohoa wenzangu wakisoma."

Kumbe alikuwa hahemi kwa sababu ameyaacha yote yanayomhemesha. Maisha yake yalikuwa yamepungua chumba kwa chumba, nasi tukimhesabia uvivu.

Lililotuuma zaidi ni hili. Katika fiqhi, udhuru wa mgonjwa hupimwa kwa analoliweza. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwelekeza Imran bin Huswayn aswali kwa kusimama, asipoweza aketi, asipoweza alale ubavu. Mlango huo tumeusomesha madrasa miaka mingi, wala hatukumwuliza shangazi anaswali vipi. Siku hiyo tulipomwuliza, alisema huswali wima huku ameshika ukuta, kwa kuchelea kuwa swala ya kuketi ina upungufu.

Akina mama na mabinti zetu, mwenye maradhi haya msimwulize hujambo pekee. Mwulizeni: Ramadhani iliyopita ulikuwa ukifanya nini ambacho sasa hukifanyi? Wapumzika mara ngapi kutoka kitandani hadi bafuni? Nani akufulia? Majibu yaandikeni, mpelekeeni daktari. Yatamfaa kuliko shukrani zenu. Na jiko litoeni nje, au penye upepo wa kutosha, kabla ya mapafu ya binti hayajafuata ya nyanya yake.

Shangazi sasa huswali juu ya kiti. Tulimwomba radhi, akatusamehe kabla hatujamaliza kusema. Na kila Alhamisi darsa humfuata yeye barazani pake.

Mwenyezi Mungu awaafu wagonjwa wetu, na sisi atufunze kuuliza kabla ya kulaumu. Amin.

Wabillahi tawfiq.