Tulivyolala Mto wa Mbu bila kupanga

Tulikuwa tunarudi kutoka Engaruka, kuwaonyesha watoto magofu ya mashamba na mifereji ya mawe ya wakulima wa kale, binti yetu wa miaka 9 aliposema, "Baba, gari linagonga." Nikamjibu ni mawe tu. Alisema mara tatu.

Mto wa Mbu, fundi aliinua Prado kwa jeki, akatikisa gurudumu la mbele. Likacheza. Boli jointi ya chini imekwisha, bushi za wishboni zimepasuka. "Mzee, hii ikichomoka gurudumu linalala, na usukani haukusikii tena."

Tukalala. Wishboni mbili na boli jointi zake zilikuja na basi kutoka Arusha kesho yake. Watoto wakamaliza mkungu wa ndizi nyekundu. Fundi alichora alama boliti zilipokaa kabla ya kufungua, na alizikaza kabisa gari likiwa limeshushwa chini, bushi zisijikunje zikakatika mapema. Arusha tukapima alaimenti.

Mzazi mwenzangu, kabla ya njia ya vumbi, fundi atikise magurudumu. Na mtoto akisema anasikia kitu, simama. Mimi nilisimama kwa bahati: tulikuwa tumeishiwa maji ya kunywa.