Neno la Tisa

Barua pepe imesifiwa kwa wepesi wake hata watu wakasahau kwamba nayo husubiri. Aliyeko Unguja, akishabonyeza kitufe cha kutuma, hudhani maneno yake yamekwisha kufika Maskati au London kabla hajaondoa kidole. Ama kwa hakika, baina ya kutumwa na kufika pana mahali pa tatu, napo ni foleni ya seva. Hapo barua hulazwa katika diski, hupewa kitambulisho, na hungoja mlango wa upande wa pili ufunguliwe. Ukifunguliwa upesi, kungoja huko huwa kwa nukta chache tu na hapana anayetambua. Usipofunguliwa, barua hubaki hapo ilipo: imekwisha kutoka mkononi mwa mwandishi, na mwandikiwa hajaipata. Imo katika amana ya mjumbe.

Mjumbe huyu ana sheria zake. Kanuni ya kupelekeana barua baina ya kompyuta iliandikwa na Jon Postel mwaka 1982, ikaandikwa upya mwaka 2001 na tena mwaka 2008. Seva inayopokea hujibu kwa tarakimu. Jawabu linaloanza na 5 ni kukataa kabisa, linaloanza na 4 ni kusema, “Sasa siwezi, rudi baadaye.” Aliyepewa jawabu la 4 ameusiwa na kanuni asikate tamaa kabla ya siku 4 au 5. Postfix, programu ya kupeleka barua ambayo Wietse Venema, mwanasayansi wa Kiholanzi, aliiandika katika kituo cha utafiti cha IBM huko Marekani na ikatolewa mwaka 1998, hungoja siku 5 ikiwa haikuamriwa vinginevyo. Siku hizo zikipita, mwandishi hurudishiwa barua yake pamoja na sababu, kwa jina la MAILER-DAEMON.

Jina hilo humshtua asiyelizoea, kwani hulisikia kama la jini. Asili yake ni ya amani zaidi. Fernando Corbató, mmoja wa waasisi wa kompyuta zinazotumiwa na watu wengi kwa pamoja pale MIT, alieleza kwamba neno hilo walilichukua katika fizikia, kwa yule pepo wa kubuni wa James Clerk Maxwell, anayekaa mlangoni akizitenga chembe ziendazo mbio na ziendazo polepole, asichoke. Kazi ya pepo huyo, basi, tangu mwanzo ni kuchuja.

Watu wa visiwani hawakungoja kompyuta iwafundishe subira. Barua ya Maskati au ya Bombay iliyoandikwa Unguja wakati wa kaskazi ilingoja kusi ndipo jahazi lifunge safari, na hapana aliyeihesabia siku 5. Foleni ya seva haijui misimu. Tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa takriban miezi 3 bila umeme ule uliokuwa ukija kwa waya wa chini ya bahari kutoka Bara. Wenye jenereta waliendelea kwa gharama kubwa. Seva yoyote ya kisiwani iliyokosa jenereta ilikuwa kama nyumba iliyofungwa. Walioiandikia kutoka nje, barua zao zilisubiri katika foleni za ugenini, zikabisha hodi tena na tena, kisha baada ya siku chache zikarejea zilikotoka. Giza la miezi 3 na subira ya siku 5 ni vipimo viwili visivyolingana.

Uko msiba mwingine, nao huanzia ndani. Neno la siri la mtu mmoja huibwa, na kwa usiku mmoja mwizi akatuma kwa jina lake barua taka elfu kwa elfu: za bahati nasibu zisizokuwapo, za urithi wa matajiri wasiozaliwa. Asubuhi mtunza seva huikuta foleni imefura. Barua ya hospitali, matokeo ya mtihani, shairi la mtu aliyekesha akilitunga, vyote vimefukiwa humo. Mkulima wa mpunga alisikiapo neno pepe hukumbuka punje isiyo kiini. Na mtunza seva, siku hiyo, kazi yake ni ile ya mwenye ungo: kupeta, pepe ziruke, mchele ubaki. Njia ya mkato ipo. Amri moja ya Postfix huifuta foleni yote, na waliyoiunda wameiwekea tahadhari ndogo: neno lenye maana ya “zote” halikubaliwi mpaka liandikwe kwa herufi kubwa. Aliyechoka huziandika herufi hizo tatu bila taabu. Lakini hapo mchele umetupwa pamoja na pepe zake.

Asiyetaka kuutupa mchele huanza kwa kutazama. Amri iitwayo mailq humwonyesha foleni nzima, na mpenzi wa mashairi akiiona kwa mara ya kwanza atalitambua umbo lake. Kila barua ni ubeti. Mshororo wa kwanza una kitambulisho, ukubwa, siku na saa ya kuingia, na anwani ya mtumaji. Mshororo wa pili, ndani ya mabano, hutaja sababu ya kukwama. Kisha huja waandikiwa, kila mmoja na mshororo wake. Baada ya hapo pana mstari mtupu, na ubeti mwingine huanza. Kitambulisho chenye nyota ni cha barua inayoshughulikiwa wakati huohuo. Chenye alama ya mshangao ni cha barua iliyozuiwa kwa amri.

Chombo cha kutafutia kinachojulikana zaidi ni grep, kilichoandikwa na Ken Thompson mwanzoni mwa miaka ya 1970. Chombo hiki husoma mshororo mmoja mmoja. Kikiulizwa anwani ya mwandikiwa, huleta mshororo wenye anwani hiyo peke yake, umeng’olewa katika ubeti wake: kitambulisho kimebaki juu, sababu imebaki juu, na waliotajwa pamoja naye hawaonekani. Kila mfasiri anaijua hatari hii, kwani mshororo uliotolewa nje ya ubeti unaweza kusemeshwa lolote. Ndiyo maana wenye kuzijua foleni hukimbilia awk, lugha ndogo ya mwaka 1977 iliyopata jina lake katika herufi za mwanzo za majina ya Aho, Weinberger na Kernighan. Awk ikiambiwa kwamba mpaka wa habari ni mstari mtupu, huusoma ubeti mzima kwa mara moja, na kila neno la ubeti huo hulitia namba.

Katika maelezo rasmi ya postsuper, amri ya Postfix ya kusimamia foleni, umo mfano mfupi wa kufuta barua zinazokwenda kwa mtu fulani. Kwanza mishororo ya mabano huondolewa. Kisha awk hutakiwa isome ubeti kwa ubeti, na itoe kitambulisho iwapo neno la 8, ambalo ndilo anwani ya mwandikiwa wa kwanza, ni lile linalotafutwa. Mwenye haraka angeishia hapo. Mfano umeongeza sharti: na neno la 9 liwe tupu. Neno la 9 ni mwandikiwa wa pili. Maana yake, barua isiguswe ikiwa yupo mwingine anayeingoja. Mwaka 2016 Postfix iliweza kuitoa orodha ya foleni kwa umbo jipya liitwalo JSON, na mfano mpya ulipoandikwa kwa umbo hilo, sharti lile halikuachwa.

Sharti ni dogo, na adabu iliyomo ni kubwa. Mtafutaji ana lengo lake, na lengo hupofusha: anaitafuta anwani moja, na kila kinachoambatana nayo hukiona kama kivuli cha anwani hiyo. Neno la tisa humlazimisha aulize kabla ya kukata: je, yuko mwingine hapa?

Lipo na jaribu la kusoma ndani. Mwenye mamlaka ya seva anaweza kuifungua barua yoyote iliyo katika foleni kwa amri ya postcat, akaisoma mpaka nukta ya mwisho. Anaweza vilevile kuitaka amri hiyohiyo imwonyeshe bahasha na vichwa vya barua tu, mwili wake usitiriwe. Na bahasha aghalabu yatosha: taka hujulikana kwa mtumaji mmoja anayewaandikia mamia, kwa kuingia kwa mkururo ndani ya saa moja, kwa ukubwa unaofanana. Tarishi alizipanga barua kwa anwani zake, na hapana aliyemtaka ajue nani amemposa nani.

Baada ya kuchuja huja hukumu, nazo ni tatu. Kuzuia ni kuiweka barua kando mpaka ukweli ubainike, na baadaye yaweza kuachiwa iende zake. Kurudisha, ambako Postfix ilikuruhusu kwa amri ya mkono mwaka 2020, ni kuihesabu barua kuwa muda wake umekwisha, ili mwandishi apewe habari. Kufuta ni kuondoa bila neno. Mwandishi hajulishwi, na mwandikiwa hajui kwamba aliandikiwa. Ni kifo kisicho tanzia. Hata tanzia zenyewe huweza kufutwa, kwani taka zikizidi huzaa marejesho mengi, na wako wanaofuta kila chenye jina la MAILER-DAEMON bila kupambanua. Humo mna habari za kweli kwa watu wa kweli, za kuwaambia kwamba walichoandika hakikufika.

Jambo hili haliwi jepesi kwa watu wa pwani. Katika malumbano ya washairi, aliyenyamaza huhesabiwa ameshindwa, au amedharau. Mtu akiwa amejibu beti kumi kwa beti kumi, na majibu yake yakafutwa foleni, mwenziwe wa ng’ambo hataiona seva, ataiona jeuri. Marafiki wawili huweza kununiana miaka mingi kwa barua iliyoondolewa asubuhi moja na mtu asiyewajua wote wawili, aliyekuwa akisafisha.

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Usia huo ulimlinda mjumbe dhidi ya wenye nguvu, zama ambazo nguvu hakuwa nazo yeye. Siku hizi mjumbe huziua barua elfu kwa mstari mmoja wa amri, na hapana anayesikia kilio. Basi kabla ya kubonyeza, na ausome ubeti mzima, na alitazame neno la tisa.