Msumari ulioteleza Hewa Bora

Papa mmoja wa Hewa Bora, aliyekimbia vita upande wa Mitwaba, alizoea kutengeneza pete kwa maganda ya risasi. Aliingiza msumari ndani ya ganda, akagonga kwa nyundo mpaka fataki ya kitako itoke.

Siku moja msumari uliteleza. Akageuza ganda: fataki ilikuwa laini, haina kishimo kinachoachwa na bunduki. Basi ilikuwa bado nzima. Na fataki huwaka kwa pigo, hata kama ganda halina baruti.

“Papa, watoto wako hapa,” mke wake akasema. Akaweka nyundo chini.

Wazazi, mukiona risasi ao ganda, musiguse, musigonge. Muite chefu wa kartie.