Buku la Askari na Kitabu cha Ubatizo



Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi makatekista twalijua neno hilo vizuri, kwa maana nusu ya kazi yetu ni mafundisho na nusu ni madaftari. Twaandika waliobatizwa, waliopata kipaimara, waliofunga ndoa na waliokufa. Lakini leo twataka kusema juu ya daftari lingine, yaani buku la askari, na juu ya wazee wetu ambao buku lao linasema uongo.

Tusikilizane vema. Hatusemi wazee ni waongo. Twasema buku ndilo la uongo. Mzee alitumika karibu miaka thelathini. Karani alitumia dakika tano kuandika habari zake. Na siku ya kudai pensheni, ofisi yasadiki zile dakika tano kuliko ile miaka thelathini.

Makosa haya yana mizizi yake. Wakati wa Force Publique, kijana alisimama mbele ya meza, akataja jina lake kwa lugha ya mama yake. Aliyeandika alikuwa Mzungu, au karani wa kabila lingine, naye alifuata sikio lake tu. Herufi L ikageuka R, silabi moja ikapotea, jina la kijiji likawa jina la baba. Mwaka wa kuzaliwa ukakadiriwa kwa kumtazama mtu usoni. Mwenye ndevu alipewa miaka mingi, mwenye uso laini alipewa michache.

Halafu ukaja mwaka 1972. Nchi yetu ilikuwa imekwisha kuitwa Zaire tangu mwezi wa 10 mwaka 1971, na Rais Mobutu akakataza majina ya Kikristu. Kardinali Malula alipinga, akalazimika kukaa Roma kwa miezi. Aliyeingia jeshini akiitwa Petro au Yosefu sasa aliandikwa kwa jina la babu yake peke yake. Mtu ni yule yule, lakini katika karatasi wamekuwa watu wawili: mmoja aliyeanza kazi bila kuimaliza, na mwingine aliyeimaliza bila kuianza.

Mwishoni yakaja maporaji ya miaka 1991 na 1993, na vita vya 1996 na 1997. Jeshi la Zaire likavunjika. Ofisi nyingi zilibaki bila milango, na karatasi zake zikaenda sokoni kufungia karanga.

Katika parokia yetu yuko mzee mmoja ambaye mambo hayo yote yalimpata. Tumwite Mzee Petro. Majina yake mengine tunayaacha kwa heshima yake. Alibatizwa akiwa mtoto mchanga mwaka 1949. Aliingia jeshini mwaka 1969. Alikuwa katika vita vya Shaba mwaka 1977, na tena mwaka 1978 huko Kolwezi. Aliweka bunduki chini mwaka 1997, baada ya miaka 28 ya kazi.

Alikuja kwetu na mfuko wa plastiki ambao mkewe aliubeba kifuani katika kila ukimbizi. Ndani mlikuwa na buku lake, na ndani ya buku mlikuwa na makosa matatu.

Kosa la kwanza lilikuwa mwaka wa kuzaliwa. Karani aliandika 1959 mahali pa 1949. Kwa hesabu ya buku hilo, Mzee Petro alishika bunduki akiwa na miaka kumi! Ofisini walimwambia kwamba jambo hilo haliwezekani, na kwamba miaka yake ya kwanza minane haihesabiwi. Aliyesema hivyo hakucheka. Hivyo miaka 28 ikawa 20.

Kosa la pili lilikuwa nishani. Huko Kolwezi alimbeba mgongoni mwenzake aliyepigwa risasi, huku bunduki zikilia. Mwaka uliofuata alivikwa nishani mbele ya kikosi, na mkubwa wake alisoma kwa sauti karatasi yenye jina lake na jina la yule aliyebebwa. Lakini katika buku, ukurasa wa nishani ni mweupe.

Kosa la tatu tutalisema baadaye.

Tulikwenda na Mzee hadi ofisi ya Bwana Paroko, tukafungua kitabu cha ubatizo cha mwaka 1949. Wino umefifia na mchwa wamekula pembe za karatasi, lakini mstari wake upo: numero, jina, baba, mama, msimamizi wa ubatizo, tarehe na sahihi ya padri. Pembeni imeandikwa habari ya kipaimara. Chini yake imeandikwa habari ya ndoa, mwaka 1974, na hapo padri aliweka majina yote mawili pamoja: Petro, na lile jina la babu lililo katika buku la askari. Padri huyo aliandika Petro wakati ambapo jina hilo limekatazwa. Alitaka tu kumwandika mkristu wake kama alivyobatizwa. Hakujua kwamba anawaunganisha watu wawili wa karatasi wawe tena mtu mmoja.

Bwana Paroko alitoa cheti na kupiga muhuri. Kisha tukakaa na Mzee kuandika barua. Kwa kila kosa tuliandika mambo matatu tu: buku lasema nini, kweli ni nini, na ushahidi ni upi. Hatukuandika malalamiko, hata kama yalikuwapo mengi. Mkubwa wa ofisi akipokea kurasa kumi za machozi, hajui aanzie wapi.

Kwa habari ya nishani walihitajiwa mashahidi. Mzee aliwajua wawili waliosimama naye siku ile. Mmoja anakaa mtaa wa jirani. Alikuja na fimbo yake, akaeleza aliyoyaona, akatia sahihi. Wa pili alikaa mbali. Tulimwandikia, na jibu likaletwa na mwanawe: baba alikufa majuma matatu kabla ya barua yetu kufika. Kijana alitupa picha ya baba yake na Mzee Petro wakiwa wamevaa mavazi ya jeshi. Picha ni nzuri, lakini haisemi. Mali ya mtu hurithiwa, lakini ushahidi wa macho yake hufa pamoja naye.

Sasa lile kosa la tatu. Buku linamwita ajida, naye aliacha jeshi akiwa serja. Kosa hilo lilimpandisha cheo. Mwanawe mkubwa alikuwa ameketi nasi, akasema: «Baba, habari ya ajida tuiache. Hakuna aliyeiuliza, na ajida anapata zaidi.» Tusimhukumu kijana huyo. Ana watoto sita, na karo ya shule hailipwi kwa maneno matakatifu.

Mzee alinyamaza kitambo. Halafu akatuambia: «Mwalimu, andika. Kama naomba watengeneze kosa linaloniumiza, na lile linalonishibisha nalificha, basi siombi kweli. Naomba chakula tu.» Tuliandika. Kijana alitoka nje, akarudi baada ya muda na maji ya kunywa kwa ajili ya baba yake, na hakusema tena juu ya neno hilo.

Jibu lilikuja baada ya miezi 14. Mwaka wa kuzaliwa umetengenezwa. Majina mawili yamekubaliwa kuwa ya mtu mmoja. Cheo kimeshushwa. Lakini juu ya nishani waliandika kwamba shahidi mmoja hatoshi.

Wengi walimshauri Mzee apumzike, kwa sababu amekwisha kupata miaka yake, na nishani haipikwi. Lakini alituomba tuandike tena. Alisema kwamba hatafuti kitu cha kuning'iniza kifuani. Yule aliyembeba Kolwezi alikufa kabla ya kufika kwa mganga, naye alikuwa kijana asiye na mke wala mtoto. Jina lake lilisomwa mara moja tu mbele ya watu, katika ile karatasi ya nishani. Karatasi hiyo ikipatikana na kuandikwa bukuni, jina la marehemu litakuwa limeandikwa mahali fulani duniani. Isipopatikana, halipo popote. Hapo tulifahamu kwamba nishani ya mtu mmoja yaweza kuwa kaburi la mwingine. Twaendelea kuandika.

Ndugu, msidhani kwamba taabu hii ni ya Kongo peke yake, kwa sababu ya vita vyetu na umaskini wetu. Tumesoma habari za Marekani, nchi yenye maghala makubwa ya karatasi. Tarehe 12 mwezi wa 7 mwaka 1973, moto uliwaka katika ghala la karatasi za askari karibu na mji wa St. Louis. Mafaili kati ya milioni 16 na milioni 18 yaliteketea, na nakala zake hazikuwapo. Hata leo askari wazee wa huko, au watoto wao, hutafuta vipande vya habari zao katika karatasi za mishahara na za hospitali, kama mtu anayeokota punje baada ya ghala kuungua.

Lakini watu hao wana jambo jema la kuigwa. Tangu mwaka 1946 sheria yao imeweka mabaraza ya raia yenye kazi ya kutengeneza makosa katika karatasi za askari. Mwombaji hupewa miaka mitatu tangu alipoligundua kosa. Akichelewa, baraza laweza kumsamehe ikiwa haki yadai hivyo. Mjane naye aweza kuomba, na mrithi vilevile. Walakini baraza halimtafutii mtu ushahidi. Ni yeye anayeuleta. Basi, hata kule, asiyetunza karatasi huumia.

Alikuwako huko askari mweusi, jina lake Henry Johnson. Usiku wa kuamkia tarehe 15 mwezi wa 5 mwaka 1918, katika misitu ya Argonne nchini Ufaransa, alipigana na kundi la Wajerumani. Bunduki iliposhindwa kufanya kazi alishika kisu, akamwokoa mwenzake asichukuliwe mateka. Alipata majeraha 21. Ufaransa ilimvika nishani. Lakini katika karatasi za nchi yake za kumwachisha jeshi, majeraha yale hayakutajwa hata kidogo. Alikufa mwaka 1929, akiwa maskini. Nchi yake ilimpa nishani ya waliojeruhiwa mwaka 1996, na nishani iliyo kubwa kuliko zote mwaka 2015. Kati ya tendo na nishani hiyo ilipita miaka 97.

Na hapa kwetu, mwezi wa 6 mwaka 2022, mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvika nishani huko Kinshasa mzee Albert Kunyuku, askari wa Force Publique katika vita vikuu vya pili. Alikuwa na miaka 100. Tulifurahi kwa ajili yake. Lakini tuliwafikiri pia wenzake, walioshinda Saio huko Abisinia mwaka 1941 na waliohudumia majeruhi Burma, ambao hawakuishi miaka mia. Je, heshima ni ya wenye maisha marefu tu?

Kitabu cha Esta kinasimulia habari ya mfalme aliyekosa usingizi usiku, akaagiza asomewe daftari la mambo ya siku zile. Akasikia kwamba Mordekai alimwokoa na mauti, akauliza amepewa heshima gani. Wakamjibu kwamba hakupewa kitu. Asubuhi haki ilitendeka. Sisi twapenda kuangalia jambo moja katika habari hiyo: Mordekai hakulipwa, lakini aliandikwa. Kama asingeandikwa, mfalme angekesha bure.

Kwa hiyo twawashauri wasomaji wetu mambo machache.

Ninyi wazee mliotumika jeshini, fungueni mabuku yenu leo, si siku ya kudai pensheni. Mwombeni mtoto anayejua kusoma awasomee kila mstari: jina, mwaka, numero, cheo, vita na nishani. Mkiona kosa, msilikwangue kwa wembe wala kuandika juu yake. Hata sisi katika kitabu cha ubatizo hatufanyi hivyo. Marekebisho huandikwa pembeni, na tarehe, na sahihi. Buku lililokwanguliwa halisadikiwi tena, hata pale linaposema kweli.

Nendeni parokiani kuomba cheti cha ubatizo na cha ndoa. Tafuteni wenzenu mliotumika nao, mwandike ushuhuda wao wangali wazima. Barua kwa shahidi isingoje mavuno. Pelekeni nakala ofisini, na karatasi ya asili ibaki nyumbani, mahali pasipo mvua wala mchwa.

Ninyi watoto wa askari, msimcheke baba anayelilia kipande cha chuma. Muulizeni ni nani aliyekuwa pamoja naye siku ile. Andikeni majina atakayowatajia.

Na ninyi mnaoshika kalamu, makarani, walimu na makatekista wenzetu, mbele yenu akisimama mtu asiyejua kusoma, mwambieni arudie jina lake mara ya pili. Msomeeni mlichoandika kabla hajaondoka. Ni kazi ya dakika moja, nayo yaweza kumwokolea mtu miaka minane.